Kizunguzungu Mazoezini Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito
Mada kwa wakufunzi wa mazoezi na wauguzi, Loresho, Nairobi



Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Wachache wao hufanyiwa upasuaji, hapa Nairobi au India. Wakipata nafuu huambiwa wafanye mazoezi, na ni sawa, maana mazoezi hulinda misuli mafuta yanapoyeyuka. Kisha siku moja, kwenye kilima cha Loresho au juu ya mashine ya kukimbilia, macho ya mmoja wao yanaingia giza. Mkufunzi anamwambia, "Jikaze!" Nasema hapo si pa kujikaza. Kwanza tuulize: kizunguzungu kimekuja wakati gani?

Kikija mtu anapoinuka kutoka mkekani, tushuku maji na presha. Katika upasuaji wa kupunguza tumbo, takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula huondolewa. Aliyezoea kumaliza bilauri nzima kwa mkupuo sasa anahitaji kunywa mafunda madogo kutwa nzima, hadi afikishe walau lita moja na nusu, tena asinywe wakati wa kula. Asubuhi za baridi za huku kwetu humsahaulisha mtu kiu.

La presha ndilo linaloniuma zaidi. Uzito ukishuka, presha nayo mara nyingi hushuka, lakini mgonjwa anaendelea kumeza tembe zilezile alizoandikiwa alipokuwa mnene, zikiwemo za kukojosha. Hakuna aliyemwita ili zipitiwe upya. Apimwe presha akiwa amelala au ameketi, kisha apimwe tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, amwone daktari apunguziwe dozi. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Wanaotumia insulini au tembe za kisukari wanahitaji uangalizi huohuo.

Kikija saa moja hadi tatu baada ya kula, pamoja na jasho, kutetemeka na njaa ya ghafla, sukari imeshuka. Chukua mtu aliyekunywa chai ya sukari nyingi na mandazi saa kumi na mbili asubuhi, akaingia jimu saa mbili. Kwa aliyefanyiwa aina nyingine ya upasuaji, ya kuunganishiwa utumbo (bypass), sukari hiyo hufika utumboni kwa kasi, insulini ikamwagika kupita kiasi. Hali hii mara nyingi huanza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu anaamini yameisha. Apewe glukosi, gramu 15 hivi, kisha yai au maziwa lala. Siku zijazo aanze asubuhi na mayai au ndengu, mandazi ayaache.

Kipo pia kizunguzungu kisicho na saa maalum, kinachoandamana na kuhema kilimani na viganja kupauka. Hicho ni cha upungufu wa damu: madini ya chuma au vitamini B12. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwenye damu kidogo huhisi hilo mapema. Vidonge vya chuma visimezwe na chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa.

Aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua, anayekosa pumzi ghafla, au mwenye choo cheusi kama lami apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo anayetapika mfululizo kisha akaanza kuyumba au kuona vitu viwili viwili: huenda ameishiwa vitamini B1, na ubongo hausubiri.

Wakufunzi, nawaomba fomu zenu za kujiandikisha ziulize tarehe na aina ya upasuaji, na dawa anazotumia mtu. Akipata kizunguzungu, mlazeni, miguu juu, mwandike saa na alichokula mara ya mwisho, kisha mpeni karatasi hiyo aende nayo kwa daktari wake.