Ngazi za basi la London: siri ya mazoezi yadumuyo

Kila ufikapo mwezi wa Januari, kumbi za mazoezi katika miji mikubwa ya ulimwengu hufurika. Watu hununua viatu vipya, hujaza fomu za uanachama na kuweka nadhiri. Miezi michache baadaye, wengi wao huwa hawaonekani tena, ilhali benki huendelea kukata ada ya kila mwezi. Je, kosa ni la uvivu wa watu, au ni la namna ya mazoezi waliyoichagua?

Jibu moja lilipatikana zamani, ndani ya basi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari wa Uingereza Jerry Morris alikuwa akitafuta chanzo cha maradhi ya moyo, yaliyokuwa yakiongezeka nchini humo. Yeye na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Kila basi lilikuwa na watu wawili. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka akikata tiketi, na kwa siku moja ya kazi alikwea vidato vya ngazi kati ya 500 na 750. Wote wawili walikuwa na mwajiri mmoja na waliishi katika mji mmoja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la kitabibu la Lancet. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Hata wale waliougua, aghalabu waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi, na ugonjwa wao haukuwa mkali kama wa madereva.

Bila shaka palikuwa na swali: pengine madereva walikuwa wanene tangu siku ya kuajiriwa? Morris mwenyewe alilifuatilia swali hilo. Mwaka 1956, yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipimo vya sare za wafanyakazi hao, wakakuta kwamba kweli suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Hata hivyo, uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa kondakta, awe mwembamba au mnene, aliendelea kuwa na nafuu.

La kuzingatia hapa ni kwamba kondakta yule hakuwa mwanamichezo. Hakuhitaji kujihimiza kila asubuhi, wala hakulipa ada. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi yake, naye alizipanda kwa sababu abiria walikuwa juu.

Linganisha na mambo yalivyo katika kumbi za mazoezi. Mwaka 2006, wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha uchunguzi juu ya kumbi 3 nchini Marekani. Wanachama waliochagua mkataba wa mwezi, uliozidi dola 70, walihudhuria mara nne na ushei tu kwa mwezi. Hivyo kila walipoingia waligharimika zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua kibali cha kuingia mara 10, kwa dola 10 kila mara. Watu hao walilipia nia njema, si mazoezi. Kwa yule anayehudhuria kweli, ukumbi una faida yake. Lakini kulipa ada na kuutumia mwili ni mambo mawili mbalimbali.

Hata ile hesabu mashuhuri ya hatua 10,000 kwa siku haikuanzia hospitalini. Ilienea kutoka Japani katikati ya miaka ya 1960, kulipouzwa kifaa cha kuhesabia hatua kilichopewa jina lenye maana ya kipimo cha hatua 10,000. Mwaka 2019, mtafiti I-Min Lee na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanawake wazee wa Marekani. Waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufariki kuliko waliotembea 2,700, na nafuu hiyo iliendelea kukua hadi kiasi cha hatua 7,500. Baada ya hapo haikuongezeka tena.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa kiasi katika wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo huo uliondoa sharti la awali kwamba kila kipindi kifikie dakika 10. Naam, hata dakika tatu za kupanda ngazi huhesabiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Wasikilizaji, jambo hili linawagusa hasa walio ughaibuni. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, akienda sokoni, shuleni na msikitini au kanisani kwa miguu, hakuwahi kuyaita hayo mazoezi. Akihamia ng'ambo akapata kazi ya teksi, lori au kompyuta, hujikuta amekalia kiti cha yule dereva wa London. Anapopungukiwa na pumzi, hudhani anahitaji mashine, kumbe alichopoteza ni mwendo wake wa kila siku.

Mwendo huo hurejeshwa kwa mambo madogo yanayofungamana na ratiba iliyopo. Mkaazi wa Muscat anaweza kutembea baada ya sala ya alfajiri, kabla jua la kiangazi halijawa kali. Mkaazi wa London anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya kwake, na mwenye theluji mlangoni akapanda ngazi badala ya lifti. Misuli nayo huimarika kwa kuinuka kitini mara kadhaa bila kujishika. Ila mwenye maumivu ya kifua, au anayeishiwa pumzi upesi, na amwone daktari kwanza.

Jerry Morris alifariki dunia mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99, na aliendelea kufanya mazoezi hata alipopita miaka 90. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba mwingine Januari ijayo, kila mmoja na ajiulize: katika siku yake, ngazi ziko wapi?