Mtandio tu

Ndugu yangu, dada yangu wa hapa Jamhuri. Kesho kwenye matatu ya Ngong Road, mama wa kando yako akipungukiwa na shilingi ishirini za nauli, kabla hujamtazama shingoni kama ana msalaba, kumbuka hili.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililotoka hapa Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria walijua kinachofuata. Mwaka uliotangulia, Novemba, watu 28 walitengwa kwenye basi huko huko Mandera, wakauawa kwa kuwa si Waislamu.

Safari hii kina dada wa Kiislamu waliwapa wanawake Wakristo mitandio wajifunike. Kitambaa tu, jamani! Wengi hawakuwa wakijuana. Wauaji wakaamuru Waislamu wajitenge, wakagoma. Mtuue sote ama mtuache.

Na wewe unahesabu shilingi ishirini.

Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliogoma, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016 akitibiwa hapa hapa Nairobi. Allah amrehemu.