Labo ya rezo kwa vyombo vya okazyo

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartie, Lubumbashi



Wengi kati yetu tuko na diplome na hatuna kazi. Mimi pia: lisanse katika informatike, miaka mitano ya masomo, na bado ninakula kwa mama. Leo sikuja kulia juu ya ile. Nimekuja kusema juu ya chombo chenye tuliandika katika makaye miaka yote bila kukigusa: ruta. Profesere alichora duara kwa ubao, akaandika ndani "R1", sisi tukakopi. Mutihani ukapita. Kisha unaenda kuomba kazi, mutu wa rezo anakupa kebo ya konsole na kusema: ingia katika hii mashini. Mikono inabaki hewani.

Kazi za rezo ziko. Kampuni za madini, mabanki, mahospitali, wenye kuuzisha intaneti, wote wako na swichi na ruta katika kabati fulani, na wanatafuta mutu wa kuzitengeneza. Mutu yule wanamuuliza karatasi, mara nyingi CCNA ya Cisco. Mutihani wake, namba 200-301, ni dakika 120 na bei yake dola 300 za Marekani. Karatasi inaishi miaka 3, kisha unairudilia. Dola 300 kwa mutoto wa Katuba si mukate wa asubuhi. Hakuna mutu anapashwa kwenda kuzichezea pale mbele mikono yake haijazoea kazi. Njo maana ninasema: labo kwanza.

Na labo haiombe chombo kipya. Swichi Catalyst 2960 na ruta 1841 ni vyombo vya zamani, makampuni yalikwisha kuvitoa katika kabati zao. Lakini VLAN, OSPF, NAT, orodha za kuzuia, vyote vinatembea ndani yao, na amri unaziandika karibu sawasawa na zile za chombo cha leo. Vikikosa mutu wa kuvijua, vinaishia kwa wanaonunua vyuma kwa kilo. Ile inaniuma.

Mbele ya kutoa feza, muuzaji akuwashie. Chomeka kebo ya konsole, ile ya bluu yenye kuwa bapa, weka 9600, uangalie kama inaamka mpaka mwisho. Andika "show version", uone programu gani iko ndani. Akikuambia "iko na mo de pase, njo maana bei iko chini", usikimbie. Kwa 1841, unakatisha kuamka kwake kwa Break katika sekunde za kwanza, unaandika "confreg 0x2142", kisha "reset", na inaamka bila kusoma mambo ya zamani. Ukimaliza unarudisha 0x2102. Kwa 2960 unashika kifungo cha Mode wakati unachomeka kuran. Lakini uulize pia chombo kimetoka wapi. Cha wizi hatutaki katika labo yetu, hata kama ni bule. Na konfigirasyo ya wenyewe wa zamani inafutwa papo hapo. Si ya kusoma, si ya kuonyesha marafiki.

Mutu mumoja aliniuliza: kama Packet Tracer ni bule, chombo cha nini? Packet Tracer ni ya lazima, tena kwa Wi-Fi na mambo mapya ya mutihani itatusaidia kuliko vyuma hivi. Siku kuran haiko, kompyuta yenye batri inatosha. Lakini jaribu hii. Unganisha swichi mbili kwa kebo mbili. Taa zinaikala rangi ya machungwa sekunde karibu 30, kisha zinakuwa kijani, isipokuwa moja. Ile moja inabaki machungwa. Watu wanafikiri imeharibika! Hapana, ni spanning-tree imefunga mulango ule juu rezo isizunguke. Sasa uizime kwa "no spanning-tree vlan 1", utume ping moja toka kompyuta. Taa zote zinawaka kama wazimu, konsole inakuwa nzito, kompyuta haionane tena na mutu. Chomoa kebo moja: inatulia. Mutu aliyeona ile kwa macho, siku rezo ya hospitali inaanguka juu mutu alichomeka kebo mbaya, atajua fasi ya kuangalia.

Kuran ya SNEL tunaijua wote. Alimantasyo ya 1841 haipite wati 50, kwa hiyo chombo hakitakula batri sana, lakini mununue stabilizatere mbele ya kununua ruta ya pili. Na kama hukuandika "copy running-config startup-config", kuran ikikatika kazi yote imeenda. Ulaya wanakumbusha somo lile mara kumi. Hapa SNEL inalifundisha siku ya kwanza.

Kuna wale wanaouzisha majibu ya mutihani kwa WhatsApp. Musinunue. Cisco ikijua inafuta karatasi yako. Isipojua, utakutana na kabati ile siku ya kwanza ya kazi, na majibu ya WhatsApp hayafungue mulango wake.

Sasa pendekezo. Watu watano, dola 20 kila mutu, kidogo kidogo, inaandikwa katika kaye yenye kila mumoja anaweza kuisoma. Tunaanza na swichi mbili na ruta moja. Ruta moja inatosha kusemesha VLAN mbili. Chombo ni cha wote, hakilale kwa mukubwa wa kikundi. Zamu ni zamu, na madada hawataketi nyuma kuandika wakati wavulana wanashika kebo. Kwa makampuni tutaandika barua: vyombo munavyotoa, mbele ya kuvitupa muviite shule za ufundi na vikundi kama hiki. Kwa vyuo vikuu nayo tutaandika, wafungue vyumba vya mashini vyenye vinafungwa na kufuli.

Siku ya posho, saa nane kisha muchana, tunatengeneza kebo hapa hapa. Rangi muzishike toka leo: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mwenye kuwa na koleo ya kubana vichwa vya RJ45 ailete, yangu ilivunjika.