Kuku akizubaa, uliza kwanza: ni yeye peke yake au ni wengi?

Mumeniomba niseme juu ya magonjwa ya kuku wa mayai.

Mtu aliyerudi kutoka Nyarugusu amekuta shamba limekuwa pori. Muhogo unangoja karibu mwaka mzima. Kuku wa kienyeji anaanza kutaga akiwa na miezi kama sita, na mayai yale njo daftari, njo sabuni, njo dawa ya mtoto. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia kibandani, ni akiba ya nyumba inayokufa.

Asubuhi ukifungua kibanda, simama kidogo, tazama. Kuku mzima anakimbilia chakula, macho yanang'aa, kilemba chake ni chekundu. Mgonjwa anabaki nyuma, amekunja shingo, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka. Ukimuona hivyo, mutenge saa ileile, usingoje kesho. Muweke kivulini ndani ya sanduku au kikapu, na maji safi na chakula laini. Hudumia wazima kwanza, yeye wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Halafu jiulize: ni yeye peke yake au ni wengi?

Kama ni mmoja, mushike umupime. Akijikaza, mkia unapanda na kushuka, na tumbo la nyuma ni gumu, pengine yai limekwama. Mukalishe ndani ya maji ya vuguvugu kama dakika 20, paka mafuta safi penye njia ya yai, mwache mahali penye giza na utulivu. Usivunje yai ndani yake. Kama mayai yanatoka na ganda laini, anakosa chokaa: mupe maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, pamoja na ndagala kidogo. Kama kilemba kimepauka naye anakonda, fikiria minyoo, na usiku chukua torshi utafute utitiri katika nyufa za kibanda. Muwekee pia shimo la majivu makavu ajioge.

Kama ni vifaranga wanaohara damu, mara nyingi ni koksidiozi. Hiyo iko na dawa, amproliamu, inatiwa ndani ya maji kwa kipimo cha pakiti. Lakini sakafu ikibaki mbichi, ugonjwa utarudi. Na kila dawa, soma siku za kungojea kabla ya kula au kuuza mayai.

Sasa, kama ni wengi kwa mara moja, wanahara kijani, wanahema midomo wazi, shingo zinapinda, mayai yanakatika, hapo fikiria kideri, ambayo veterineri anaita Newcastle. Mwite upesi. Kideri haina dawa. Najua wengi wanafungua kapsuli ya tetrasikilini ya watu wanatia ndani ya maji. Tetrasikilini haiui virusi vya kideri. Ni makuta mumetupa.

Na kuna jambo zito zaidi. Kuku wakianza kufa, mtu anakimbiza waliobaki sokoni, apate hata nusu ya bei. Namuelewa, ana watoto. Lakini kuku yule anaenda kuingia kibanda cha mwenzake, na juma lijalo mtaa mzima unalia. Kuku mgonjwa hauzwi, na hapitishwi kwa mwanachama mwingine. Waliokufa wachomwe au wazikwe chini sana, mbali na kisima, wasitupwe ziwani.

Kinga iko: chanjo. Ile ya I-2, ambayo waliokaa Tanzania wengine wanaijua, ni tone moja ndani ya jicho, kila miezi minne, kwa kuku wote walio wazima, wakubwa na vifaranga. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini bado inatakiwa kukaa kwenye baridi na mbali na jua.

Hapa njo ninawahitaji kama chama. Chupa ya chanjo inabeba matone ya kuku wengi sana, na ikifunguliwa haikai. Mama mwenye kuku watano hawezi kuinunua peke yake. Lakini avenyu moja ikikubaliana siku moja, asubuhi mapema kabla kuku hawajatoka, chupa inatosha wote na kila nyumba inatoa kidogo tu. Marafiki wafadhili, mukitaka kusaidia, musitume dawa za kutibu kideri. Saidieni chanjo na sanduku la baridi.

Naomba kabla ya kuachana leo, kila avenyu ichague mtu mmoja wa kuhesabu kuku, na kamati ipange tarehe pamoja na veterineri.