Mkutano wa Moshi na Funzo la Uongozi

 Msikilizaji wa Kahe, leo tunazungumzia uongozi na usalama wa nchi.

Machi 1979, Idi Amin akiwa bado madarakani Uganda, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana hapa jirani, Moshi mjini. Yakaunda umoja wa UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilikombolewa Aprili 11. Lakini Lule alitawala siku 68 tu: aliteua mawaziri bila kulishirikisha baraza la umoja huo, nalo likamwondoa. Godfrey Binaisa aliyemfuata aling'olewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi ya umoja huo. Uchaguzi wa Desemba ukazua mgogoro, na Februari 1981 Yoweri Museveni, mmoja wa wagombea walioshindwa, akaingia msituni kupigana na serikali.

Adui mmoja aliyaunganisha makundi hayo, ila mipaka ya madaraka ya rais na ya jeshi haikuwa imekubalika kwa dhati. Bunduki ikaamua.

Ili mipaka ya madaraka iheshimiwe, sisi tuanzie kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Hudhuria, uliza mapato na matumizi, dai taarifa ya ulinzi na usalama. Wiki ijayo tutaeleza kazi za halmashauri ya kijiji.