Mtoto Aliyeketi Ngazini

 

Sisi wa hapa Minnesota msiba tunaujua. Simu ikilia usiku, asubuhi kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna kundi la WhatsApp la michango ya kusafirisha mwili, na masufuria yanajaa jikoni kwa mfiwa. Lakini tukisikia marehemu amejiua, sauti zinashuka. Tunaandika "presha", tunazika, kisha nyumba ile tunaikwepa.

Nilikaa kwenye matanga ya namna hiyo. Mama mwenye nyumba ameniruhusu kuyasema haya. Mwanawe wa miaka minane alikuwa ngazini na chapati iliyopoa, masikio yote kwetu. Tulikuwa tumemwambia baba amelala. Basi siku tatu mtoto akagoma kulala. Mwishowe akamnong'oneza shangazi yake: "Ni kwa sababu nilikataa kuoga?"

Sisi tulidhani tunamkinga. Kumbe tulimwachia mtoto hesabu aipige peke yake, na jibu alilopata ni yeye mwenyewe.

Mwambieni ukweli kwa kipimo cha umri wake: baba aliumwa sana akilini, ugonjwa ukamzidi, akajiua, si wewe uliyesababisha, wala hukuwa na uwezo wa kumzuia. Namna alivyofanya si ya kumsimulia. Kisha mwambieni nani atampeleka shule Jumatatu, maana hilo linamkosesha usingizi. Atauliza tena mwakani. Jibuni tena.

Hofu yetu naielewa. Kwetu Kenya, sheria ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria hiyo kinakiuka Katiba. Juu yake tukaweka maneno ya laana ya ukoo. Mjane akasikia yote hayo, na bado tunashangaa haji kwenye mikutano!

Akilitaja jina la mumewe, msigeuze mazungumzo. Na wewe uliyeketi hapa, ukizidiwa, piga namba ya msaada 988, usiku au mchana. Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani.

Lile kundi la michango nimemwomba mweka hazina asilifunge. Sasa tunachanga Jumamosi: kila wiki mtu mmoja anampeleka yule mtoto wa ngazini kwenye mpira. Karatasi iko mezani pale, karibu na birika la chai. Nafasi mbili bado ziko wazi.