Leo tunalipa kwa lita, kesho watatudai kwa kilomita: maneno ya kikao cha Tengeru

Haya ni maneno ya katibu mwenezi wetu wa vijana kwenye kikao cha ndani na madereva, bodaboda na wanachama, Tengeru. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumepunguza tu pale watu walipokuwa wanaongea kwa pamoja. Soma, mtumie na mwenzako.

Makamanda, habari za mchana. Wazee mliokaa kule nyuma, shikamooni. Najua leo ni siku ya soko, na kila dereva aliyeko humu ndani kuna abiria anawaachia wenzake huko stendi. Sitawachelewesha.

Wiki nzima nimekuwa nikizunguka hapa sokoni, stendi, Patandi mpaka Usa River na swali moja. Serikali ikiacha kukata tozo ya barabara kwenye mafuta, ikakufungia kifaa kwenye chombo chako, kikahesabu kilomita zako kwa setilaiti, halafu bili ikaja kwenye simu, utakubali? Msinielewe vibaya, sijaja kuwaambia kuna muswada wa namna hiyo mezani. Nataka tuwe tumeshalizungumza kabla haujafika, maana sisi tuna kawaida ya kuamka siku ya bajeti tukiwa tumeshachelewa.

Dereva wa kwanza niliyemuuliza ni wa Hiace. Alicheka, kisha akanirudishia swali: hiyo bili nalipa mimi au tajiri? Jamani, mle kwenye Hiace yake kuna mambo ambayo wataalamu hawayaoni. Mafuta anaweka yeye dereva, kila siku, kabla ya kupeleka hesabu. Kadi ya gari ina jina la tajiri. Bili ikija kwa jina la tajiri, kesho yake hesabu inapanda. Ikija kwa dereva, basi ataanza kukatisha ruti, abiria wa Kikatiti atashushwa Usa.

Wa pili ni mwalimu mwenye kigari chake kidogo. Huyu hakuongelea hela kabisa. Aliuliza, nani atakuwa anaangalia mimi niko wapi? Hilo nitalirudia, nalo ndilo lililonileta.

Na bodaboda? Bodaboda karibu wote walisema hapana kabla sijamaliza swali. Nikawaambia ngojeni kwanza tupige hesabu.

Tozo ya barabara na mafuta kwenye kila lita ya petroli au dizeli ni shilingi 413. Ilikuwa 313 hadi bajeti ya 2021/22, ndipo ikaongezwa 100 tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani hizi za vijijini na mitaani. Bajeti ya 2023/24 ikaleta 100 nyingine kwenye kila lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Hiyo ya pili tuiache pembeni, tubaki na 413.

Pikipiki yako inakupeleka kama kilomita 40 kwa lita. Kwa hiyo umelipa barabara kama shilingi 10 kwa kila kilomita. Hiace iliyochoka, inayokwenda kilomita 8 kwa lita, inalipa kama 52. Fuso lililojaa mzigo, tuseme linakwenda kilomita 4 kwa lita, linalipa kama 103. Mnaona? Tayari tunalipa kwa umbali. Kinachofanya kazi ya mita ni tenki lako.

Sasa nani anaiharibu barabara? Wahandisi wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 walijenga barabara za majaribio jimbo la Illinois, wakazungusha malori juu yake mchana na usiku mpaka lami ikachoka. Walichokuta ni kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauzidi mara mbili, unazidi kama mara 16. Ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya tani moja, ni kama mara 10,000. Ndiyo maana kuna mizani pale Makuyuni na hakuna mizani ya bodaboda. Rudi sasa kwenye hesabu yetu: Fuso linalipa mara 10 ya pikipiki kwa kilomita, lakini linachokifanya kwenye lami hakihesabiki kwa mara 10. Wewe wa pikipiki unamlipia mwenye Fuso kila unapoingia sheli.

Kwa hiyo tozo ya kilomita, ikiwekwa kwa haki na kwa kufuata uzito, bodaboda ni wa kwanza kupata nafuu. Niliposema hivyo kijiweni walinyamaza kidogo. Halafu mmoja akasema, na ndizi zetu zinapanda nini kwenda Dar? Kweli. Zinapanda Fuso. Ukimkamua mwenye Fuso, mama wa Akheri anayeuza mkungu atasikia bei ya usafiri kesho yake. Sisemi tusimguse. Nasema mtu akikwambia jambo hili ni rahisi, muulize anakula nini.

Na kuna wanaolipa barabara bila kuigusa. Hapa Tengeru watu wanalima nyanya na hoho kwa pampu ya petroli. Ile pampu haijawahi kwenda popote, lakini inalipa 413 kwa lita. Mnakumbuka 2017? Waziri wa Fedha wakati ule, Dkt. Philip Mpango, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile tuliyoiita rodi laisensi. Tukapiga makofi. Fedha ile ikahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta, shilingi 40 kwa lita: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Bibi wa Nkoaranga mwenye koroboi, hana hata baiskeli, akaanza kumlipia mwenye gari leseni ya barabara. Mimi bado nikilikumbuka hilo nakasirika.

Kwa nini basi nasema jambo la kilomita litakuja? Kwa sababu mita ya tenki inaanza kudanganya. Gari la umeme halipiti sheli. Gari la gesi asilia halilipi kwenye petroli. Juni 2024 bungeni lilikuja pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi inayotumika kwenye magari, na watu wa Dar waliokuwa wametoka kubadilisha mifumo ya magari yao kwa gharama kubwa wakapiga kelele. Hiyo ni dalili. Kadiri vyombo vya umeme vinavyoongezeka, mfuko wa barabara unavuja, na anayeubeba anabaki kuwa mwenye gari kuukuu linalokunywa mafuta. Huyo mwenye gari kuukuu ndiye sisi.

Wala siyo kitu cha mwezini. Lori la kigeni la ekseli zaidi ya tatu likiingia nchini, sheria yetu inalitoza dola 16 kwa kila kilomita 100. Nairobi ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 inatoza kulingana na ulikoingilia na unakotokea. Ujerumani wanatoza malori kwa setilaiti tangu Januari 2005. New Zealand wenye magari ya dizeli wananunua kilomita kabla ya kutembea, elfu elfu, kama unavyonunua umeme wa luku, na anayesoma ni mita ya kawaida ya gari. Hakuna setilaiti yoyote inayohitajika. Tangu Aprili 2024 na magari ya umeme yameingizwa humo.

Waingereza wao serikali ilipoleta wazo hilo, mwaka 2007 watu zaidi ya milioni 1.8 waliweka majina yao kwenye ombi la kulipinga. Hofu zao zilikuwa mbili: tutalipa mara mbili, na tutafuatiliwa. Sawasawa na dereva wetu wa Hiace na mwalimu wetu. Wala hawajawahi kukutana.

Hapo kwenye kufuatiliwa naomba utulivu kidogo.

Setilaiti haikuoni. Watu wengi wanadhani kuna jicho kule juu. Setilaiti inatuma mawimbi tu, kama redio. Kifaa kilicho kwenye gari ndicho kinachopokea na kujipigia hesabu kiko wapi. Mpaka hapo siri ni ya kifaa chenyewe. Hatari inaanza pale kifaa kinapotuma, kwa laini ya simu iliyomo ndani yake, kwenda kwenye kompyuta ya mtu fulani. Mabasi ya mikoani yanavyo tayari, LATRA wanaona mwendo wa basi, likizidisha 80 wanajua. Kwa basi sina ugomvi, abiria 60 wanastahili ulinzi huo. Lakini gari la mtu binafsi linasema alilala wapi, anasali wapi, alikwenda kikao gani.

Sisi humu ndani tunajua maana yake. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza likaripoti madai yaliyotolewa kwenye shauri la kazi mjini London, kwamba kabla ya shambulio lile kampuni moja ya simu ilikuwa ikiipa serikali taarifa za simu yake na mahali alipo. Mfungwe kifaa kingine kwenye gari, kwa masharti gani? Nani ana ufunguo? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sawa, ni hatua. Isomeni. Ina mlango wa usalama wa taifa, na mlango huo ni mpana kiasi cha kupitisha Fuso.

Ujerumani, sheria ya tozo ya malori inakataza zile taarifa kutumika kwa kazi nyingine yoyote. Zinakusanywa kwa tozo, zinaishia kwenye tozo. Na kifaa kinaweza kutengenezwa kikajumlisha kilomita humohumo ndani, kikatuma jumla tu: huyu katembea kilomita 900, basi, bila kusema alipita wapi. Au tufanye kama New Zealand, tusome mita tuondoke. Kwa hiyo mtu akija hapa kutuambia setilaiti ni lazima la sivyo barabara hazijengwi, tujue anataka kitu kingine zaidi ya hela.

Sasa naomba niseme kitu ambacho baadhi yenu hamtakipenda. Kijiweni jibu letu lilikuwa hapana, hapana, hapana. Hapana ni jibu zuri la mkutano wa hadhara. Lakini tukiibakisha peke yake, tunaitetea tozo ya lita, na tozo ya lita ndiyo inayomkamua bodaboda na mwenye pampu. Mimi nitasema ndiyo kwa kilomita siku nitakapoonyeshwa shilingi yangu ilikokwenda. Wao wanataka kuona gari langu limepita wapi. Na mimi nataka kuona hela yangu imepita wapi. Hapo tutakuwa sawa.

Angalieni hapo nje. Tengeru mpaka Sakina kilomita 14 njia nne, ile barabara ya mchepuo kilomita 42, vitu vizuri, sitavikana kwa sababu mimi ni mpinzani. Mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika umefanya kazi yake na tutaulipa wote. Lakini acha lami, panda kuelekea juu kwenye mashamba wakati wa masika. TARURA wana mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima. Ile 100 ya 2021 iliwekwa kwa ajili yao. Nani hapa amewahi kuona karatasi yoyote ubaoni, ofisi ya kata, inayosema kata yetu mwaka huu imepata kiasi gani kutoka kwenye ile mia? (Watu: hakuna.) Mimi nilikwenda ofisi moja kuuliza, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa nisubiri. Nasubiri mpaka leo.

Wazee wangu wa Kimeru mnajua kuchanga. Watu walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga, senti kwa senti, na 1952 Kirilo Japhet akafika New York, Umoja wa Mataifa, kudai ardhi. Hakuna aliyekuwa na kifaa cha kumhesabia. Kila aliyetoa alijua ametoa kwa ajili ya nini, na alipotaka kujua yamefikia wapi alijua amuulize nani.

Ninachoomba leo ni kidogo. Kila dereva, bodaboda, mwenye pampu, aandike lita alizonunua na kilomita alizotembea, kwa siku 30. Mwenye pampu aandike lita tu. Usiandike ulikokwenda, hatuhitaji kujua, na sisi tusije tukawa wale tunaowasema. Mwisho wa mwezi tutajumlisha, tuzidishe kwa 413, twende nayo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kisheria wa kila miezi mitatu, tuulize: Tengeru imetoa hiki kwa mwezi mmoja, kilichorudi ni kipi? Diwani awepo. Mhandisi wa TARURA wa wilaya tumwandikie barua mapema, na nakala ya barua tubaki nayo.

Daftari hili hapa, nimeshachora mistari. Kalamu ninayo moja tu, kwa hiyo msigombane. Bodaboda waanze, maana wao ndio wana haraka.